Jiwe, Ukuta na Ushahidi: Historia ya Msamiati wa Mipaka ya Ardhi katika Lugha ya Kiskoti

1.0 Utangulizi

Neno mpaka katika Kiswahili lina matumizi mawili yaliyozoeleka. Likiwa nomino, hutaja mstari au alama inayotenga shamba na shamba, kijiji na kijiji, nchi na nchi. Likiwa kihusishi, hutaja kikomo cha mwendo au cha wakati: mpaka Pangani, mpaka kesho. Sambamba na neno hilo kuna kitenzi pakana, chenye kiambishi cha kutendana, ambacho hudokeza ukweli ulio wazi kwa kila mkulima: shamba haliwezi kuwa na mpaka peke yake. Mpaka ni jambo la wawili. Ukiwepo, upo kwa sababu majirani wamekubaliana juu yake. Na ukigombewa, hugombewa na majirani hao hao.

Wazo hilo si la Waswahili pekee. Katika lugha ya Kiskoti, inayozungumzwa kaskazini mwa kisiwa cha Britania, nomino march ina maana ya mpaka wa ardhi, na kitenzi kilichotokana nayo hutumika kwa namna ileile ya pakana: shamba moja "hu-march" na jingine. Katika Kigaeli, ambayo ni lugha nyingine ya Uskoti, neno crìoch lina maana ya mpaka na pia mwisho wa jambo lolote, kama ambavyo mpaka wa Kiswahili hutazama mahali na wakati kwa pamoja. Lugha hizi hazina undugu na Kiswahili. Kufanana huku kumetokana na maisha ya watu wanaolima, wanaofuga na wanaolazimika kuishi bega kwa bega.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya maneno ya Kiskoti yanayohusu mipaka ya mashamba, ya miji na ya falme, tangu karne ya 13 hadi wakati huu. Hoja yake kuu ni kwamba maneno hayo hayakuwa majina matupu ya vitu. Katika jamii ambayo wengi wa wakulima wake hawakuwa na hati mikononi, neno la mpaka, likiandamana na jiwe na kumbukumbu ya mzee, lilikuwa ndiyo hati yenyewe. Pale neno lilipotunzwa, haki iliyobebwa nalo aghalabu ilitunzwa. Na pale lilipopoteza nguvu mbele ya sheria, wapo waliopoteza ardhi.

2.0 Lugha na Vyanzo Vyake

Kiskoti ni lugha ndugu ya Kiingereza. Zote mbili zimetokana na lahaja za Kiingereza cha Kale, lakini Kiskoti kilikua kutokana na lahaja ya kaskazini, kikapokea maneno mengi ya Kinorsi, Kifaransa, Kiholanzi na Kigaeli, na kufikia karne ya 15 kilikuwa lugha ya bunge, ya mahakama na ya ushairi katika ufalme wa Uskoti. Kigaeli kilitawala nyanda za juu na visiwa vya magharibi. Katika visiwa vya Orkney na Shetland, vilivyowekwa rehani kwa mfalme wa Uskoti mwaka 1468 na 1469 na mfalme wa Denmark na Norway, wenyeji walizungumza Kinorn, lugha ya asili ya Kinorsi iliyokufa katika karne ya 18 na kuacha msamiati mwingi nyuma yake. Kwa hiyo mtafiti wa maneno ya mipaka huko Uskoti hukutana na tabaka kadhaa za lugha, kama mchimbaji wa magofu anavyokutana na tabaka za udongo.

Tabaka hizo zimehifadhiwa vizuri na wanaleksikografia. John Jamieson alichapisha kamusi yake ya etimolojia ya Kiskoti mwaka 1808. Katika karne ya 20 zilitolewa kamusi mbili kubwa za kihistoria: moja ya Kiskoti cha zamani, iliyoasisiwa na William Craigie, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1931 na juzuu ya mwisho, ya 12, ikatoka mwaka 2002, na nyingine ya Kiskoti cha kuanzia mwaka 1700, iliyohaririwa na William Grant na kisha David Murison, iliyokamilika kwa juzuu 10 mwaka 1976. Mwaka 2004 kazi hizo mbili ziliunganishwa na kuwekwa katika intaneti. Kila kidahizo hufuatana na mifano iliyotolewa katika hati zenye tarehe, na hivyo msomaji huona neno likiwa kazini: mahakamani, shambani au katika mkataba wa mfalme.

3.0 Maneno ya Alama: March, Meith na Landimer

Neno march liliingia Kiskoti kupitia Kifaransa cha Kale, lakini Wafaransa nao walilipata kutoka kwa Wajerumani wa kale. Mzizi huo umezaa maneno mengi barani Ulaya. Kiingereza cha Kale kilikuwa na mearc, lenye maana ya mpaka na alama, ambalo ndilo asili ya neno la leo la Kiingereza la kuweka alama. Jina la nchi ya Denmark lina mzizi huo ndani yake, na cheo cha "marquis" kilikuwa hapo awali cha bwana aliyekabidhiwa kulinda jimbo la mpakani. Historia hii inaonyesha jinsi maana inavyopanuka: kutoka alama, kwenda mstari unaopita penye alama, kisha kwenda eneo zima lililo kandokando ya mstari. Ndiyo maana katika Kiskoti neno hilo hilo liliweza kutaja jiwe lililo kati ya mashamba mawili ya shayiri, na pia jimbo zima lililotenga falme mbili.

Katika hati za kisheria march mara nyingi hakusimama peke yake bali aliandamana na meith: "meiths na marches" za ardhi fulani. Meith ni alama ya mpaka, na neno hilo linahusishwa na Kinorsi mið. Huko Shetland, umbo lake meid limebaki katika kinywa cha wavuvi. Mvuvi aliye baharini huchagua vitu viwili vya nchi kavu vilivyo katika mstari mmoja, labda kanisa na kilele cha kilima, kisha huchagua vingine viwili upande mwingine. Pale mistari inapokatana ndipo penye samaki. Kwa hiyo jamii moja ilitumia neno moja kugawa nchi kavu na kugawa maji, ingawa majini hapasimamishwi jiwe. Mpaka wa aina hiyo haukai ardhini, bali hukaa katika jicho na kumbukumbu ya anayeujua.

Neno la tatu ni landimer, linalotokana na Kiingereza cha Kale landgemære, yaani mpaka wa ardhi. Neno hili limekufa katika mazungumzo ya kila siku, lakini limebaki hai mahali pamoja kwa namna ya pekee. Katika mji wa Lanark, kila mwaka mwezi wa Juni, huadhimishwa siku iitwayo Lanimer. Watoto wa mji huo hulijua neno kabla ya kujua maana yake, na wengi hulifahamu kama jina la sherehe yenye maandamano na malkia wake. Sherehe imelihifadhi neno ambalo sheria imelisahau.

Kwa alama zenyewe msamiati ulikuwa mpana. Kulikuwa na march stane, jiwe la mpaka. Kulikuwa na cairn, neno la Kigaeli lenye maana ya chungu ya mawe, ambalo limevuka likaingia katika lugha nyingi. Mahali pasipo na mawe, vijito vidogo viitwavyo syke na burn vilitumika. Mji wa Aberdeen, ambao mfalme Robert Bruce aliupa haki juu ya msitu wa Stocket mwaka 1319, ulizungusha mawe ardhi yake, na mawe ya duara la nje yalipewa namba, la kwanza likichongwa jina la herufi ya Kigiriki Alfa na la mwisho Omega. Mengi ya mawe hayo yangali yamesimama, mengine yakiwa kando ya barabara na kuta za nyumba.

4.0 Maneno ya Shamba: Dyke, Rig na Bauk

Miongoni mwa maneno haya, dyke lina funzo kubwa kwa mwanasemantiki. Asili yake ni Kiingereza cha Kale dic, ambalo pia limezaa neno la Kiingereza la mtaro. Mtu anapochimba mtaro, udongo hutupwa kando na kufanya tuta. Kitendo ni kimoja, matokeo ni mawili. Katika Kiingereza cha kusini jina liliangukia zaidi kwenye shimo. Katika Kiskoti liliangukia kwenye kinachosimama, na dyke ikawa ukuta: feal dyke ukiwa wa mabonge ya nyasi na udongo, drystane dyke ukiwa wa mawe yaliyopangwa bila chokaa. Msomaji wa hati za zamani asiyejua tofauti hii anaweza kutafuta mtaro mahali ambapo mashahidi walikuwa wakizungumzia ukuta.

Kabla ya karne ya 18 kuta za mawe hazikuzunguka kila shamba. Ukuta uliokuwa na uzito ulikuwa head dyke, uliotenga ardhi ya kulima na malisho ya mlimani. Ndani yake wakulima wengi walilima kwa utaratibu uitwao runrig. Rig ni tuta refu na pana la kulima. Kila kaya ilikuwa na rig zake zilizotawanyika katikati ya rig za majirani, na mahali pengi ziligawanywa upya baada ya muda ili ardhi nzuri na mbaya zipokezanwe. Kati ya rig na rig palikuwa na bauk, yaani ukanda mwembamba usiolimwa. Jembe la mtu likila bauk, hata kwa upana wa unyayo, jirani alijua. Waswahili wa pwani wana neno ngwe, ambalo ni kamba na pia ni kipande cha shamba alichopimiwa mtu kulima. Ndani yake mna historia kama hiyo ya kugawana kazi na ardhi kwa kipimo kinachoonekana na wote.

Migogoro ya aina hiyo haikupelekwa moja kwa moja kwa mfalme. Kulikuwa na birlawmen, watu waliochaguliwa miongoni mwa wakulima wenyewe kuamua kesi za majirani: mifugo iliyoingia shambani, ukuta ulioanguka, bauk iliyoliwa. Kanuni waliyoisimamia iliitwa kwa Kiskoti "ujirani mwema", na ilikuwa wajibu wa kisheria mbele ya baraza la mwenye ardhi. Mijini kulikuwa na maofisa walioitwa liners, waliopima viwanja kwa kamba na kuamua ukuta wa nani umemwingilia nani. Kwa mashamba makubwa, tangu enzi za mfalme David wa Kwanza katika karne ya 12, hati za kifalme zilitaja mipaka "kama ilivyotembelewa" na watu waaminifu wa mahali hapo. Watu hao walitembea mpakani, wakaonyesha mawe na vijito, na maneno yao yakaandikwa.

Uzito wa maneno hayo ulikuwa mkubwa. Katika sheria ya Uskoti, hati iliyotaja mipaka kwa majina ilimbana aliyeipokea: hakuweza kudai kwamba kwa kutumia ardhi ya nje ya mipaka hiyo kwa miaka mingi ameipata kuwa yake. Aliyepewa ardhi kwa jina tu, bila kutajiwa mipaka, aliweza kuthibitisha ukubwa wa ardhi yake kwa matumizi ya muda mrefu. Hivyo basi, kuandika au kutoandika jina la kijito kimoja katika hati kungeweza kuamua hatima ya bonde zima.

5.0 Maneno ya Falme: Marches na Ardhi ya Mzozo

Mwaka 1237, kwa mkataba uliofanyika York, Alexander wa Pili wa Uskoti aliacha madai yake juu ya majimbo ya kaskazini ya Uingereza, na mpaka ukakubaliwa kwa jumla kuwa kati ya mto Tweed upande wa mashariki na ghuba ya Solway upande wa magharibi. Mwaka 1249 naiti 24, yaani 12 kutoka kila upande, waliweka katika kanuni sheria za mpaka huo. Baadaye kila ufalme uligawa upande wake katika sehemu tatu, Mashariki, Kati na Magharibi, kila moja ikiitwa March na kuwa na msimamizi wake.

Sheria ya Marches ilikuwa ya kipekee, maana haikuwa ya Uskoti wala ya Uingereza bali ya mpaka wenyewe. Wasimamizi wa pande mbili walikutana katika siku za amani zilizopangwa, wakasikiliza malalamiko ya wizi na mauaji, wakatoza fidia. Aliyeibiwa mifugo alikuwa na haki ya hot trod, yaani kuwafuata wezi papo hapo hadi ng'ambo ya mpaka, akiwa na mbwa na baragumu ili ijulikane kwamba hafanyi uvamizi. Siku ya amani ilikuwa na kinga kwa wote waliohudhuria hadi wafike makwao. Mwaka 1596 William Armstrong wa Kinmont alikamatwa na Waingereza akirejea kutoka mkutano wa namna hiyo, akafungwa katika ngome ya Carlisle. Scott wa Buccleuch akavuka mpaka na kumtoa usiku. Malkia Elizabeth alikasirika mno, lakini hoja ya Waskoti ilikuwa ya kisheria: aliyevunja sheria ya mpaka kwanza ndiye mkosaji.

Maisha hayo yaliipa dunia neno ambalo wengi hulitumia bila kujua kwao. Mail katika Kiskoti ni kodi au malipo ya upangaji. Mkulima wa mpakani aliyelipa kodi halali kwa mwenye ardhi alilazimika pia kuwalipa wababe wa ukoo fulani ili mifugo yake isiibwe. Kodi hii ya pili iliitwa "nyeusi", na hapo ndipo lilipozaliwa neno blackmail, ambalo leo hutaja kumtisha mtu ili atoe fedha.

Upande wa magharibi, kati ya mito Esk na Sark, palikuwa na eneo la urefu wa kilomita zipatazo 16 ambalo falme zote mbili zililidai. Liliitwa Debatable Land, yaani Ardhi ya Mzozo, na pia threap land, kutokana na kitenzi cha Kiskoti threap, kubishana au kushikilia kauli. Kwa desturi, watu wa pande zote waliruhusiwa kulisha mifugo humo tangu jua kuchomoza hadi kuchwa, lakini hapana aliyeruhusiwa kujenga wala kulima. Katika hati, umbo batable hujitokeza pia, na mwandishi Graham Robb, katika kitabu chake cha mwaka 2018, ametoa hoja kwamba jina hilo lilitokana na neno la kunenepesha mifugo, si la kubishana. Iwapo ni hivyo, ardhi hiyo ilipewa jina kwa majani yake kabla ya kupewa sifa kwa ugomvi wake. Hata hivyo, kuwepo kwa threap land, ambalo halina utata wowote wa maana, kunaonyesha kwamba wenyeji wa mwishoni mwa Zama za Kati waliielewa ardhi hiyo kama mahali pa ubishi. Inawezekana masikio yao yalilisikia neno la malisho na kulitafsiri kwa hali waliyoiona. Mabadiliko ya aina hiyo ni ya kawaida katika historia ya lugha.

Katika karne ya 16 koo zilianza kuishi humo kinyume cha desturi, na mwaka 1551 wasimamizi wa pande mbili walitangaza kwamba yeyote angeweza kuua, kuchoma na kupora ndani ya eneo hilo bila kushtakiwa. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi: falme ziliposhindwa kukubaliana mstari upite wapi, waliokaa kwenye mstari walinyimwa ulinzi wa sheria yoyote. Mwaka uliofuata, 1552, makamishna walikutana. Waskoti walichora mstari wao, Waingereza wakachora wao, na balozi wa Ufaransa akapendekeza mstari wa kati uliokubaliwa. Parokia ya Canonbie ikawa ya Uskoti, Kirkandrews ikawa ya Uingereza. Ili kuthibitisha, palichimbwa mitaro miwili sambamba, udongo wake ukarundikwa katikati kufanya tuta lenye urefu wa kilomita kati ya tano na sita, na mawe yenye nembo za falme mbili yakawekwa kwenye ncha zake. Kazi hiyo inaitwa Scots' Dike mpaka leo. Ndani yake maana zote mbili za dyke, mtaro na ukuta, zimelala pamoja.

James wa Sita alipoirithi Uingereza mwaka 1603, alitaka kufuta mpaka pamoja na msamiati wake. Nafasi za wasimamizi ziliondolewa, na mfalme akaagiza eneo hilo liitwe "Majimbo ya Kati", maana sasa lilikuwa moyoni mwa milki yake, si ukingoni. Wezi wengi walinyongwa au kuhamishwa kwa nguvu, na koo zikavunjwa. Lakini jina la mfalme halikushika. Watu waliendelea kusema the Borders, na halmashauri ya eneo hilo upande wa Uskoti hubeba jina hilo hadi leo. Amri ya mfalme iliweza kubomoa ngome, ila haikuweza kuondoa neno lililokuwa vinywani mwa watu.

6.0 Kuipanda Mipaka

Methali ya Kiswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Miji ya mpakani mwa Uskoti ilikuwa na ardhi ya pamoja ambapo wenyeji walichunga, walikata nyasi kavu za kuezekea na mboji ya kuwasha moto. Daftari la mali hiyo lilikuwa ni desturi ya kuikagua mipaka kila mwaka kwa farasi, iitwayo riding the marches au common riding. Kikundi cha watu wa mji kilizunguka, kikatazama kama jiwe limehamishwa au kama jirani mwenye shamba kubwa amesogeza ukuta wake. Huko Hawick kiongozi wa msafara huitwa Cornet, naye hukata bonge la udongo mpakani kama ishara ya milki. Desturi ya mji huo imefungamanishwa na kumbukumbu ya vijana walioteka bendera ya Waingereza mwaka 1514, mwaka mmoja baada ya Waskoti kushindwa vibaya huko Flodden.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi nguvu ya desturi hii ni Langholm, mji mdogo ulio karibu na iliyokuwa Ardhi ya Mzozo. Kulikuwa na mgogoro juu ya malisho ya pamoja, na mwaka 1759 Mahakama Kuu ya Edinburgh iliamua haki za wenyeji na kuamuru mipaka ioneshwe kwa chungu za mawe na mashimo. Hukumu hiyo ingeweza kubaki katika makabati ya mahakama. Haikubaki huko, kwa sababu mpiga ngoma wa mji, Archibald Beattie, alitembea kwa miguu mpakani kila mwaka kwa zaidi ya miaka 50, akiwaonyesha watu alama moja baada ya nyingine na kutangaza haki zao sokoni. Tangu mwaka 1816 safari hiyo imekuwa ikifanywa kwa farasi, na hufanyika Ijumaa ya mwisho ya Julai. Beattie hakuwa mwanasheria wala mpimaji. Kazi yake ilikuwa kutamka maneno mahali panapohusika, mbele ya mashahidi, pasipo kuacha mwaka hata mmoja upite.

Huko Shetland kulikuwa na desturi iliyofanana na hiyo. Malisho ya pamoja huitwa scattald, na kuizunguka mipaka yake kuliitwa kuipanda hagri, neno la asili ya Kinorsi. Lugha ya Kinorn ilikuwa imekwisha kufa, lakini neno lake la mpaka liliendelea kufanya kazi katika kinywa cha wazungumzaji wa Kiskoti, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa haijaisha.

7.0 Sheria, Ramani na Kupotea kwa Haki

Mabadiliko makubwa yalianza katika karne ya 17. Sheria ya mwaka 1661 ilimruhusu mwenye ardhi aliyejenga ukuta mpakani kumdai jirani nusu ya gharama, na sheria ya mwaka 1669 iliwezesha mipaka iliyopindapinda kunyooshwa. Mwaka 1695 bunge la Uskoti lilipitisha sheria mbili zenye athari kubwa zaidi. Ya kwanza iliruhusu ardhi ya runrig iliyomilikiwa na watu mbalimbali kugawanywa upya katika vipande vilivyoungana. Ya pili ilihusu commonty, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja na wenye mashamba ya jirani. Mmiliki mmoja tu angeweza kwenda mahakamani na kuomba igawanywe, kila mmoja akipata kwa kadiri ya thamani ya ardhi aliyokwisha kuwa nayo. Ardhi ya mfalme na ya miji ya kifalme haikuguswa na sheria hiyo.

Jambo la kuzingatia ni nani aliyehesabiwa. Waliogawana ni wamiliki. Mpangaji na mkulima mdogo, waliozoea kuchunga na kukata mboji katika ardhi hiyo kwa vizazi vingi, hawakuwa na jina katika hati, kwa hiyo hawakuwa na fungu. Kwa kejeli ya historia, kumbukumbu zao zilihitajika katika kesi hizo. Wazee waliitwa kutoa ushahidi: jiwe gani liliitwa nini, wachungaji wa nani walifika wapi, kijito kipi kilikuwa march. Mpimaji akayaandika majina hayo katika ramani, mahakama ikachora mistari mipya iliyonyooka, na ardhi waliyoieleza kwa ufasaha ikawa ya wengine. Orodha iliyotayarishwa na Ian H. Adams na kuchapishwa mwaka 1971 inaonyesha jinsi ardhi hizo zilivyokuwa nyingi na zilivyoenea nchi nzima kabla ya kutoweka.

Wapo waliopinga. Mwaka 1724, katika jimbo la Galloway, wenye ardhi walikuwa wakizungusha kuta ili kufuga ng'ombe wa kuuza Uingereza, na wapangaji wakifukuzwa. Watu walikusanyika kwa makundi na kuziangusha kuta hizo, hadi askari walipotumwa kuwatawanya. Katika kinywa chao dyke, lililokuwa neno la ujirani na wajibu wa pamoja, lilikuwa limegeuka neno la kufungiwa nje. Kamusi itaonyesha kwamba maana haikubadilika: ukuta ni ukuta. Kilichobadilika ni upande ambao mtu alijikuta amesimama.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa haikuishia katika hasara. Umiliki wa kikabaila ulifutwa kwa sheria ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kikamilifu Novemba 2004, na sheria ya mwaka 2003 ilizipa jamii za vijijini haki ya kutangulizwa katika kununua ardhi iliyosajiliwa inapouzwa. Mwaka 2021 watu wa Langholm, wakisaidiwa na michango kutoka mbali na karibu, walinunua ekari zipatazo 5,200 za nyika inayopakana na mji wao kutoka kwa milki ya Buccleuch, na mwaka 2022 wakaongeza nyingine zipatazo 5,300. Haiwezi kudaiwa kwamba safari za mpiga ngoma Beattie ndizo zilizoleta ununuzi huo. Lakini ni dhahiri kwamba mji ambao kila mwaka, kwa zaidi ya karne mbili na nusu, umekuwa ukitoka kutazama mipaka yake haukuwa umesahau kwamba ardhi ni jambo la kuulizwa na kujibiwa hadharani.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, funzo lililopo ni la kazi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na zilizofuata zimeingiza maneno kama mpaka, ngwe, kitalu na kiunga, kila moja likiwa na fasili fupi. Fasili hizo ni sahihi, lakini hazisemi nani alilitumia neno, mahali gani, katika kesi gani, wala lilimpa nani haki na kumnyima nani. Wanaleksikografia wa Kiskoti walitumia sehemu kubwa ya karne ya 20 kukusanya ushahidi wa aina hiyo kutoka katika hati za mahakama na midomo ya wazee. Ushahidi kama huo upo pia katika hati za makadhi, katika mabaraza ya vijiji, na katika kumbukumbu za wazee wa Lamu, Tanga, Unguja na Kilwa, ambao wanajua jina la kila mti uliopandwa uwe alama kati ya shamba na shamba. Mti huo ukikatwa, jina lake hubaki kwa muda, na asipopatikana wa kuliandika, jina nalo litafuata njia ya mti.